Uyoga Upo Huko Porini

Nimeombwa niandike mgeni akija kwetu ale nini na aone nini. Aliyeniomba ni Elia, mtoto wa mdogo wangu Kabula. Amefungua nyumba ya wageni hapa Tabora mjini na anataka karatasi nzuri ya kubandika ukutani, pale mapokezi. "Mama mkubwa, wewe ulikuwa mwalimu, Kiswahili chako kimenyooka, niandikie kurasa mbili tu," alisema, kana kwamba kurasa mbili ni punje mbili za karanga. Nimekaa nayo wiki nzima. Nimeandika "Karibuni" na nimelikata mara tatu, kwa sababu si kweli. Mimi sipendi wageni. Sijawapenda tangu nikiwa sina meno ya mbele, na sitaanza kujifanya uzeeni ili vitanda vya Elia vipate watu.

Juzi nilikuwa mezani na karatasi hiyo hiyo, nimeinunia, ndipo Kabula akaingia na mfuko wa kitambaa. Hakuwa amesema hodi vizuri nikawa nimeshajua kilichomo. Uyoga wa njano, ule mdogo wa masika, ukikaushwa hunuka kama embe lililoiva upande mmoja. Hakuna kitu kingine duniani kinachonuka hivyo, na hakuna kitu kingine kinachoweza kuniharibia siku kwa haraka namna ile. Kabula aliuweka mfuko mezani juu ya karatasi yangu, akabaki amesimama kama kawaida yake. Kilichofuata juzi hiyo nitakisema mwishoni, maana bila ya haya ya kwanza hakitaeleweka.

Sisi wawili tulilelewa na Bibi Nyamizi, mama yake baba, katika kijiji kilicho ndani kutoka Sikonge. Baba na mama walikuwa Usoke kwenye tumbaku, tukiwaona Krismasi na kwenye misiba. Kwa Bibi baiskeli ndiyo ilikuwa gari, na gari lenyewe likipita lilikuwa habari ya wiki. Ninyi wa rika langu mliokulia huko mnakumbuka: mlio wa gari unausikia kabla ya kuliona, na ukishalisikia huwezi kula tena hadi lipite.

Nyuma ya kanisa letu la Moravian ilipita njia ya zamani ya misafara. Leo watu wanatoka mbali kuja kuipiga picha, wanasimama katikati yake wameweka mikono kiunoni. Kwetu kilikuwa kipande cha ardhi ngumu kama sakafu, ambacho mtama wake ulitoka mfupi, basi. Bibi hakukizungumzia. Tukikikatiza kwenda kuteka maji, aliongeza mwendo, na mimi nilidhani anawahi jua.

Nyumba ya Bibi ilikuwa na sheria nyingi, ila moja ilizidi zote: mgeni asiulize mara mbili. Mpita njia akisema "hodi, naomba maji," kabla hajamaliza neno mmoja wetu ameshakimbilia mtungini. Akiuliza kwa mwenyekiti ni wapi, ameshaonyeshwa. Akitupa jicho kwenye ungo wa karanga, ameshapewa za kujaza viganja. Siku moja Kabula alizembea, mtu akarudia kuomba maji, na Bibi alipomaliza kumpa alimfinya Kabula sikio hadi akakaa chini. Mimi nilijivunia sheria hiyo. Niliwatangazia watoto wa jirani kwamba bibi yetu ana roho nzuri kuliko bibi zao wote, na kwamba mbinguni ameshawekewa kigoda.

Sasa uyoga. Mvua za kwanza zikishika, Bibi alituamsha kukiwa kumepambazuka kidogo, tukaenda bila viatu na bila kula. Kulikuwa na mahali. Miti ya mitundu ilikaa pamoja, mikubwa, majani yake machanga mekundu yakigeuka kijani, na chini yake, kwenye majani makavu, uyoga ulijaa njano kama mtu amemwaga viini vya mayai. Bibi hakupita njia moja mara mbili. Leo tulizunguka kwa kichuguu, kesho kwa korongo. Alikata kwa kisu, hakung'oa, na alipomaliza alirudishia majani juu. Kikapu nacho alikifunika kwa majani ya kunde, na wakati wa kurudi tulipitia shambani, tukaingia nyumbani na majembe mabegani kama watu waliotoka kupalilia.

Nilimwuliza kwa nini anaufunika uliobaki. "Usipate baridi," alisema. Niliamini. Nilikuwa mtoto wa kuamini, na kwa muda mrefu nilimpenda zaidi kwa jibu hilo, kwamba ana huruma hata na uyoga.

Tulitembea kwa mpangilio: Bibi mbele, mimi katikati, Kabula nyuma akilia umande. Mwaka ninaousema, mwaka wa gari la kijivu, Bibi alisimama asubuhi moja ukingoni mwa pori akanishika bega, akaniambia, "Tangulia." Basi. Nilitangulia. Sikukosea mti hata mmoja. Niliwapitisha kwa korongo, nikawazungusha, nikawafikisha, na Bibi hakunisahihisha mahali popote. Sijapewa cheo kingine maishani kilichonipendeza hivyo, na nimekuwa mwalimu mkuu.

Wiki ya pili yake wageni wakaja na gari hilo. Walikuwa wawili, mwenyewe na dereva wake. Mwenyewe alitoka Dar es Salaam, amevaa kaunda suti na miwani, viatu vinang'aa hadi nikajiona. Si mzungu, kama mnavyofikiri. Mzungu ningemwelewa. Huyu alikuwa mtu wetu kabisa, alisema shikamoo kwa Bibi akiinama, akauliza habari za mashamba, akatusifu sisi watoto kwa usafi tusiokuwa nao. Nimemchukia mtu yule miaka yote hii na bado sijapata kosa hata moja la adabu alilolitenda. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Alisema anaandika kijitabu. Njia ya misafara toka huku hadi kule, na kandokando yake mtu ale nini, alale wapi, aone nini. Bibi alisema, "Vizuri," akamkamata jogoo.

Wakati jogoo anachemka, mgeni alipewa michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kukaushwa vibichi, iliyochemshwa na karanga. Akala, akaandika. Akapewa asali kwenye kibakuli, na masega yake, akatafuna nta hadi ikaisha ladha, akauliza afanye nini na nta, akaambiwa ateme, akaandika na hilo. Dereva alikula kimya kama mtu mwenye akili. Kisha ukaja ugali, kuku, na bakuli la uyoga wa asubuhi ile uliopikwa na karanga za kusaga. Mgeni alitia tonge la kwanza mdomoni akafumba macho. Nakumbuka mafuta ya karanga kwenye ndevu zake. Alipofumbua alisema, "Mama, huu uyoga mnautoa wapi?"

"Huko, porini," Bibi alisema bila kuchelewa, akachongoa midomo kuelekea dirishani.

Mgeni akageuka akatazama dirishani. Nje kulikuwa na pori kutoka pale hadi mwisho wa macho. Akacheka kidogo. "Porini wapi, mama?"

Nilisikia ile "wapi" ya pili kama kitu kimeanguka kikavunjika. Mgeni ameuliza mara mbili. Kwa Bibi yangu, kwenye nyumba ya kigoda cha mbinguni. Nilimtazama Bibi nikaona tonge limesimama mkononi mwake. Nikadhani amesahau. Nikadhani uzee, maskini, na kwamba mimi niliyepewa kutangulia ndiye wa kumwokoa na aibu. Nikasimama pale kwenye mkeka, mdomo una ugali, nikasema, "Mimi napajua."

"Huyu mtoto hajala tangu asubuhi," Bibi alisema. "Kaa ule."

"Utanipeleka, binti?" mgeni akaniuliza.

"Ale kwanza," Bibi akasema.

Nikala haraka kuliko nilivyowahi kula. Nilidhani Bibi ananihimiza niwe na nguvu za safari. Ninyi mnaosoma mmeshaona ambacho mimi sikukiona, lakini msijifanye wajanja. Mngekuwa na miaka yangu, na gari la kijivu mlangoni, mngesimama vilevile.

Kabula alilia akitaka kupanda gari. Bibi alimshika mkono akamzuia, na yeye mwenyewe alisema magoti yanamuuma. Kwa hiyo nilikwenda peke yangu, kiti cha mbele, kati ya mgeni na dereva. Mgeni hakutaka kuchafua viatu, basi gari likaingia porini. Mahali pembamba dereva aliteremka na panga akakata vijiti. Mahali pengine alikata vitu visivyokuwa vijiti. Nilikuwa nikisema "kulia, kushoto, hapo kwenye kichuguu," na mtu mzima anafuata. Tulipofika mgeni alisema "aisee" mara nyingi, akanisimamisha katikati na uyoga viganjani, akanipiga picha. Akanipa paketi ya biskuti. Karatasi yake niliilalia chini ya mto hadi ikafutika maandishi.

Tuliporudi Bibi alikuwa akifagia uwanja. Gari lilipoondoka aliendelea kufagia, akafuata alama za magurudumu, akazifagia toka mlangoni hadi mbali ambako watu hawafagii. Nilijua Bibi anapenda usafi. Nilimwambia mambo yote, kiti, panga, picha. Alisema, "Ehe." Nikalala nikiwaza kwamba labda ameona wivu.

Kijitabu chenyewe kilifika msimu uliofuata, mchungaji alikuja nacho kutoka mjini. Mimi nilikuwemo. Picha ilikuwa nyeusi hadi sikuonekana ila meno yaliyokosekana, lakini chini yake iliandikwa kwamba msafiri asikose kula uyoga wa hapa kwetu, na akitaka kuuona unavyoota afike kijijini amwulizie mjukuu wa Bibi Nyamizi, njia ya gari ipo. Bibi hakujua kusoma. Nilimsomea kwa sauti ya darasani, nimesimama wima. Aliniomba nirudie. Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, nikidhani ameipenda.

Wageni walikuja. Si wengi, ni wachache tu, wa kuhesabu kwa vidole, na kila mmoja akiniulizia mimi kwa jina la Bibi. Niliwapeleka. Walikanyaga, waling'oa na mizizi, mmoja alikaa juu ya uyoga akala ndizi. Lakini sitawasingizia kwamba hao ndio waliopamaliza. Waliopamaliza walifuata alama za magurudumu. Njia ya gari ikishakuwepo haijali anayepita, na waliokuwa na kazi nayo walikuwa watu wa tumbaku, wenye mabani ya kukaushia yaliyokula kuni mchana kutwa kipindi chote cha kuvuna. Walikuja na mikokoteni ya ng'ombe, kisha na trekta. Mitundu mikubwa, iliyosimama pamoja, na njia imefika hadi shinani. Wangeacha kwa nini? Baba yangu kule Usoke alikausha tumbaku yake kwa miti ya bibi wa mtu mwingine.

Misimu mitatu, minne. Nilikwenda asubuhi moja baada ya mvua nikakuta visiki na majani ya magugu hadi magotini. Nilipekua chini kwa mikono. Uyoga ule hauoti bila mitundu yake, hilo nililijua nikiwa mtu mzima. Siku ile nilidhani umehama kwa sababu kuna mtu aliukalia, na nilimlaani yule wa ndizi.

"Umeisha," nilimwambia Bibi nikilia.

"Umeisha," Bibi alisema. Hakunigombeza. Kama angenigombeza, ningejua nimekosa nini, ningeomba msamaha nikasamehewa, yakaisha. Hakunigombeza siku ile wala siku nyingine yoyote. Aliniambia tu kwamba magoti yanamsumbua na mambo ya kuzunguka porini yamemshinda, na kwa kweli masika ile tulikula nsansa, yale majani makavu ya kunde, hadi nikachukia harufu ya chungu. Nami nikaenda shule ya bweni Tabora.

Nilikuwa nikirudi likizo. Nikikuta mvua zimeshika, Bibi na Kabula walikuwa wakitoka alfajiri na majembe, wanarudi jua limepanda na kikapu kimefunikwa kwa majani ya kunde. "Tumetoka kupalilia," Kabula alikuwa akisema. Na mimi, msomi wa bweni, nilisema poleni na kazi.

Kitu kimoja Bibi alinieleza, nikiwa nimeshakuwa mwalimu. Nilikwenda kumsalimia, tukakaa tukibangua karanga, nami nikawa nampigia hadithi za darasani kwangu. Nilimwambia nawafundisha watoto ukarimu kwa mfano wake yeye. Kwamba kwetu mgeni haulizi mara mbili.

Akanitazama kama nimemletea maji ya chumvi. "Ukarimu?"

"Si ndiyo sheria uliyotufundisha?"

"Hiyo nilifundishwa na bibi yangu," alisema. "Yeye alikuwa msichana misafara ikipita hapo nyuma ya kanisa, kabla kanisa halijakuwepo. Wale walikuwa wakiomba mara moja kwa mdomo. Mara ya pili kwa kelele. Mara ya tatu walikuja na bunduki, na hapo hawakuomba mtama tu. Ndugu yake wa kike alikwenda hivyo." Alipuliza maganda kwenye ungo. "Kwa hiyo unampa kitu haraka. Chochote. Anashika, anafurahi, anapita. Hajafika pale ambapo hutaki afike."

"Mimi nilidhani ni adabu, Bibi."

"Ni adabu pia," alisema. "Lakini mtu wa nyumbani akiuliza haambiwi. Anapelekwa."

Hakutaja uyoga, wala gari, wala jina la mtu. Aliendelea kubangua. Mimi nilikaa na karanga mkononi nikijumlisha taratibu, kama mtoto wa mwisho darasani. "Huko, porini." Lilikuwa jibu. Lilikuwa jibu kamili, limetolewa haraka, na midomo imeonyesha upande, na mgeni yule angecheka, angeandika, angemaliza kuku wake akaenda zake. Hata ile "wapi" ya pili Bibi angeipatia kitu, maana nyama ilikuwa bado chunguni. Nilikuwa nimejifunza nusu ya sheria, nikaitumia yote.

Bibi alifariki masika. Nilitoka mjini na gari la kukodi, nikafika nimechelewa, watu wamejaa uwanjani, kwaya ya kina mama inaimba. Kabula ndiye aliyekuwa akiendesha kila kitu, na mimi mkubwa nilipewa kiti. Baada ya maziko chakula kikaletwa, na kabla sahani haijanifikia nikaisikia harufu. Embe lililoiva upande mmoja. Uyoga wa njano, mbichi, wa asubuhi ile, na karanga za kusaga. Sikuwa nimeula tangu nikiwa mtoto. Nilidhani duniani umekwisha, na kwamba mimi ndiye niliyeumaliza. Niliishi na jambo hilo kama mtu anavyoishi na jino bovu.

Kabula alikuwa akipita na kata ya maji ya kunawa. Nikamshika nguo. "Kabula, huu uyoga umetoka wapi?"

Hakunitazama. Alichongoa midomo kuelekea nyuma ya nyumba, vilevile, kana kwamba midomo ya Bibi imehamia usoni kwake. "Huko, porini," alisema, na akapita kwa mtu wa pili kumnawisha.

Nilikula. Msifikiri nilisusa. Nilikula nikamaliza, nikaramba na vidole, na machozi watu walidhani ni ya marehemu. Kwenye msiba wa bibi yangu, kwenye uwanja niliofagia, nilijibiwa jibu la wageni. Nilimchukia Kabula siku ile, na sikuacha kwa haraka. Na nilimchukia Bibi, aliyeweza kunipikia, kuniombea, kunifulia sare za shule, na muda wote huo akawa na mahali pengine na asiniambie. Kwamba walikuwa na haki, hilo halikunisaidia hata kidogo.

Toka hapo, kila baada ya masika, Kabula huniletea mfuko. Huingia, husalimia, huuweka mezani, na hubaki amesimama. "Kaa, unywe chai," nasema. "Nawahi gari la Sikonge," anasema. Miaka zaidi ya ishirini anawahi gari la Sikonge. Kwa muda mrefu nilidhani ni dharau. Baadaye nikaelewa kwamba anaogopa. Nikimwuliza tena, itambidi achague, ama anipeleke, ama anijibu kama mgeni kwa mara ya pili, na yeye hana moyo wa hilo la pili. Kwa hiyo anatoka kabla swali halijaiva.

Basi, juzi. Mfuko mezani, Kabula amesimama, mkoba begani, na simu yangu ikaita. Elia. Macho yangu si mazuri, nikabonyeza hivyo hivyo sauti ikatoka nje, chumba kizima kikasikia.

"Mama mkubwa, shikamoo. Umeandika?"

"Marahaba. Naandika."

"Usisahau uyoga. Kuna wageni niliwapa ule wa mama wa mwaka jana, wamechanganyikiwa kabisa. Wanataka waende wenyewe wakauchume, wapige picha, wakae na wenyeji. Nina gari tayari. Sasa mama nikimwuliza ananikwepa, ananiambia porini, porini. Pori gani? Wewe muulize. Wewe dada yake, hawezi kukunyima."

Nilimtazama Kabula. Alikuwa ameshika mkanda wa mkoba kwa mikono miwili, na macho yake yako mlangoni. Ana mvi sasa. Swali nilikuwa nalo mdomoni, limeshakaa miaka yote, na Elia alikuwa amenipa sababu safi ya kulitoa. Mtoto wake mwenyewe ndiye anayetaka. Ningesema neno moja tu, wapi, na leo ningejua mimi ni nani katika nyumba ile. Niseme ukweli, nilitaka. Nilitaka hadi masikio yakapata moto.

"Andika," nilimwambia Elia. "Uyoga upo. Huko, porini."

"Porini wapi, mama mkubwa?"

"Na waambie wale michembe," nikasema, nikiongeza mwendo. "Michembe na karanga, asubuhi, na chai isiyo na maziwa. Waambie wale matobolwa, viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakaushwa, wasichanganye na michembe, ni vitu viwili. Asali wanunue ile iliyo nyeusi, ya mizinga ya magome, na wasiulize kwa nini ni nyeusi. Embe wale Tabora mjini zikianza kuanguka. Wakitaka kuona njia ya misafara wapeleke nyuma ya kanisa letu, ipo, ardhi ngumu, wasimame hapo wapige picha hadi wachoke. Unaandika?"

"Naandika, naandika. Taratibu."

"Haya. Hizo ndizo kurasa zako mbili. Juu yake weka Karibuni, kwa mwandiko wako wewe." Nikakata simu.

Nikaanza kukunja karatasi yangu iliyokuwa chini ya mfuko ili nipate cha kufanya. Nikasikia kiti kikivutwa. Kabula alikuwa ameteremsha mkoba sakafuni, amekaa, anafungua kamba za viatu kama mtu aliyefika nyumbani kutoka shambani.

"Chai ipo?" alisema.

Nikamimina. Alikunywa nusu kikombe, akitazama mfuko wa uyoga. Gari la Sikonge lilikuwa limeshaondoka kwa hesabu zangu, na yeye alilijua hilo.

"Mvua za kwanza zikishika, njoo," akasema. "Shukia barabarani. Uje kwa miguu."

Nikamwambia nimesikia. Sikumwuliza ni wapi.